Kujuana au kipaji: kijana wa muziki Malindi ashike ipi?

Mpwa wangu ana miaka 22, ana sauti ambayo mimi sikujaliwa, na mfukoni ana karatasi ya kurasa tatu aliyopewa na bwana mmoja hapa Malindi. Bwana huyo ni mtu wa kujulikana. Akiingia hotelini haulizwi aendako, na akimpigia mtangazaji simu saa tano usiku, simu hupokelewa. Ameahidi kumlipia studio Mombasa, kumtolea video mbili na kumpandisha jukwaani msimu wa Disemba. Upande wa pili tuko sisi: kikundi cha harusi chenye kinanda kimoja, spika mbili, dumbak, na fidla ambayo mwenyewe huja siku ambazo hakuingia baharini.

"Mjomba, nishike ipi?" aliniuliza tukikunja nyaya baada ya harusi moja ya mtaani Barani.

Sikumjibu usiku ule. Nimezaliwa Langoni, Lamu, nikahamia Malindi nikiwa kijana, na muziki wa harusi umenilisha kwa zaidi ya miaka 20. Nimeona waliobebwa wakafika, nimeona waliobebwa wakatupwa njiani, na nimezika watu wenye vipaji vya kutisha ambao hawakuacha nyuma hata kanda moja. Kwa hivyo nimeziweka njia mbili hizi ubavu kwa ubavu, kwa ajili yake na kwa kijana yeyote wa Pwani aliyeshika karatasi kama ile.

Kujuana na nani?

Wengi wakisema "ni kujuana tu" huwa wanazungumzia pesa na jina la baba. Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, hatukulijua jambo hili jana. Siwa, yaani baragumu kubwa, ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe za ndovu ya Pate, zilipulizwa katika harusi na sherehe za waungwana. Mtu wa kawaida angeweza kuwa na pumzi ya kusikika mpaka kijiji jirani cha Shela, lakini siwa haikutolewa kwa ajili yake. Muziki mkubwa wa mji ulikuwa na wenyewe.

Lakini mji huohuo una kisa kingine. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alikaa Langoni akawasomesha watoto wa watu waliodharauliwa, wakiwemo waliotoka katika utumwa, na akayaingiza matwari, yaani matari, katika Maulidi. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa. Leo Maulidi ya Riyadha, msikiti aliouanzisha yeye, ndiyo yanayoujaza mji hata nafasi ya kulala ikakosekana. Sitaki kuchanganya ibada na biashara ya muziki, hayo ni mambo mawili. Ninachotaka mpwa wangu akione ni kwamba aliyefungua mlango alikuwa na nasaba yake, na aliitumia kuwaingiza wasiokuwa nayo.

Kisha kuna Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, mtoto wa mafukara, akauza vyungu. Taarab wakati ule ilikuwa mambo ya kasri na ya wanaume wa mjini. Aliyemshika mkono alikuwa mwanamuziki, Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba na kumwingiza miongoni mwa wapigaji. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikauzwa Afrika Mashariki nzima.

Ndiyo maana mimi huigawa kujuana mara mbili. Kuna mkono wa fundi na kuna mkono wa tajiri. Zein l'Abdin, bingwa wa udi aliyezaliwa Lamu na kufariki 2016, aliimba tungo za Sheikh Ahmed Nabhany, Mwamu mwenzake aliyemfuata 2017. Juma Bhalo, aliyetutoka 2014, alikuwa na jamaa yake Ahmad Nassir wa kumtungia. Ukitaka kuita huko nako ni kubebwa, ita. Lakini mtu akikupa shairi, kesho asubuhi wewe ndiye unayelazimika kuamka na kulitafutia mahadhi. Mkono wa fundi unakuongezea kazi. Mkono wa tajiri mara nyingi unakupunguzia, na hapo ndipo kijana anapodanganyika akadhani amefika.

Karatasi ya mpwa wangu ni ya mkono wa tajiri. Basi tuipime kama ilivyo.

Studio, redio na simu ya mkononi

Hapa mwenye kujuana anashinda, nisiseme uongo. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na ukifika una nauli ya kurudi na saa mbili ulizolipia. Wimbo wangu wa kwanza nilirekodi katika chumba kilichoangikwa magodoro ukutani ili sauti isirudi. Joto lilikuwa kali, prodyusa akawasha pangaboi kidogo tupumue, na tukasahau kulizima. Ukiusikiliza wimbo ule kwa makini, ubeti wa tatu una pangaboi. Prodyusa alikuwa radhi kurudia, lakini saa zangu zilikuwa zimekwisha na mfukoni sikuwa na za kuongeza. Anayelipiwa na tajiri hana ubeti wa pangaboi. Anarudia mara 40 mpaka koo lilegee na sauti ikae.

Kujuana hununua muda, na muda ndio unaokipika kipaji. Si Pwani peke yake. Taylor Swift wa Marekani alipokuwa na miaka 14 familia yake ilihamia karibu na Nashville, mji wa muziki wa country, kwa ajili yake. Baba yake alifanya kazi katika kampuni ya uwekezaji ya Merrill Lynch na baadaye alinunua sehemu ndogo ya hisa za lebo iliyomtoa binti yake, Big Machine, ilipokuwa changa. Hakuna anayeweza kusema kwamba binti yule hajui kutunga. Anatunga. Lakini wangapi wanaojua kutunga hapa mtaani Kisumu Ndogo ambao wazazi wao wanaweza kuhamisha nyumba kwa ajili ya wimbo?

Upande wa kipaji sasa umepata simu. Huhitaji kumjua mtu kuweka wimbo YouTube. Mlango ule hauna askari, lakini baada ya mlango kuna mwendo. Ili YouTube ianze kukugawia pesa za matangazo, njia ya kawaida inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Nilimpigia mpwa wangu hesabu nyuma ya bahasha: wimbo wa dakika nne unatakiwa utazamwe mara 60,000 mpaka mwisho, bila mtu kuuruka. Spotify, iliyoingia Kenya 2021, tangu 2024 hailipi wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Hayo hayakatishi tamaa mtu aliye na nyimbo kumi nzuri na miaka mitatu ya kusubiri. Aliye na wimbo mmoja na kodi ya nyumba ya mwezi huu atasononeka.

Redio bado ina nguvu kwetu. Mama anayekaanga mahamri alfajiri hatafuti wimbo kwenye simu, anasikiliza alichofunguliwa. Stesheni tunazozisikia sana, kama Pwani FM na Baraka FM, ziko Mombasa, na kijana wa Malindi au Lamu hana njia ya kupita studioni kila wiki kusalimia. Niliwahi kupeleka wimbo mahali fulani, nikaambiwa ni mzuri sana, ila "niache kitu kidogo". Sikuacha, na wimbo haukuchezwa. Wapo watangazaji waungwana waliotuchezea bure na wakatupigia simu kutujulisha, Mungu awalipe. Lakini ukiziweka njia mbili pamoja, simu ya tajiri inafika kabla ya wimbo wako kufika.

Maikrofoni ya harusini

Watu wa mjini hudhani harusi ni mahali pa kuanzia tu. Kwangu mimi ndiyo mizani iliyo sawa kuliko zote, ingawa nayo ina kasoro yake.

Miaka mitano iliyopita tulipiga harusi mtaa wa Shella, hapa Malindi. Mpwa wangu alikuwa bado anabeba spika. Binamu wa bwana harusi alikuwa na jina kidogo, ana video, ana miwani ya usiku. Familia ikaomba apewe maikrofoni, nani angekataa? Akaimba nyimbo tatu. Kina mama walimpigia makofi ya adabu wakarudi kwenye simu zao. Kopo la tunza lilikuwa na noti mbili, na moja aliitia mama yake.

Mwimbaji wetu wa siku zote alikuwa amepotewa na sauti, kwa hiyo nikamwashiria mbeba spika. Aliingia na kandambili miguuni. Alianza chini sana, karibu kama anazungumza, na ubeti wa pili akaipandisha sauti pale ambapo dumbak hunyamaza. Bi mkubwa mmoja aliinuka na noti ya mia mbili ameibana baina ya vidole viwili. Alikuja taratibu, bega hili, bega lile, akifuata pigo bila haraka, akamzungushia kichwani mara moja, akaidondosha koponi. Baada yake hawakukaa tena. Usiku ule tuligawana tunza kubwa kuliko malipo ya harusi yenyewe.

Kasoro ni hii. Familia ile ilifanya harusi nyingine mbili mwaka huohuo, na zote alipewa yule binamu. Hatukupigiwa hata simu ya kuulizwa bei. Kina mama walikwishaamua nani anaimba, lakini mwenye kushika orodha ya mialiko hakuwa mmoja wao.

Kwa hiyo harusini kipaji kinapata tunza na kujuana kunapata mwaliko. Mwenye kipaji akidumu, baada ya miaka mitatu minne kina mama wenyewe huanza kumtaka kwa jina, na hapo mwenye orodha hana budi. Sisi tulifika hapo. Ilichukua muda mrefu, na mwenzetu mmoja aliacha njiani akaenda kuendesha tuktuk, wala simlaumu.

Hotelini na kwenye kampeni

Hoteli za Malindi na Watamu zina msimu. Disemba hadi Machi kuna kazi, Mei na Juni mvua ikinyesha unaweza kupita barabara ya Casuarina ukasikia kunguru tu. Anayekuingiza ni meneja wa burudani, na meneja huingiza anaowajua. Hilo ni kweli. Lakini jukwaa la hoteli lina faida moja ambayo studio haina: unapiga kila usiku mbele ya watu wasiokujua wala kukuonea haya. Them Mushrooms, ndugu wa ukoo wa Harrison waliounda bendi yao 1969, walipikika kwenye hoteli za Pwani hivyohivyo. Wimbo wao wa kuwakaribisha wageni, wa mwanzo wa miaka ya 1980, uliotungwa na Teddy Kalanda, ulikwenda mpaka ukaimbwa na Boney M. Usiku mwingi wa kuangalia mgeni anatikisa mguu kwenye wimbo upi ndio uliozaa wimbo ule. Kama yule bwana anaweza kumpa mpwa wangu usiku 60 wa hotelini, hiyo ndiyo ahadi yake iliyo na uzito kuliko video zote mbili.

Kampeni ni jambo jingine. Kila uchaguzi ukikaribia waheshimiwa hutafuta waimbaji, na pesa huja mara moja, taslimu, nyingi kuliko harusi kumi. Ninazo tahadhari mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: mheshimiwa akianguka, nawe umeanguka, na upande ulioshinda hautakuita kwenye sherehe yoyote kwa miaka mitano. Ya pili hawaijui wengi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inasema kazi ikiagizwa na mtu, haki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake, wimbo uliolipiwa kwa ajili ya kampeni unaweza kuwa si wako tena, na mahadhi yale mazuri uliyoyatafuta kwa wiki mbili umeyaacha jukwaani. Ukiamua kuimba, imba, lakini mwandikiane mstari mmoja kwamba utungo unabaki kwako.

Karatasi

Hapa ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipoumia.

Nilikuwa na miaka 23. Promota mmoja, simtaji, alinilipia nyimbo nne na akanipa karatasi ya ukurasa mmoja. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa na neno "zote" mahali palipotakiwa kuwa na neno "nne". Nyimbo zote, zilizotungwa na zitakazotungwa. Nilitia sahihi, tukala biriani, nikarudi nyumbani nikidhani nimetajirika.

Miaka ikapita. Siku moja nilimpigia mteja simu kuulizia tarehe ya harusi ya bintiye. Simu ikaita, na badala ya mlio nikasikia Skiza, ule wimbo wa mwito anaouweka mwenye simu. Ilikuwa sauti yangu. Wimbo ambao niliutunga baada ya zile nne, nikarekodi kwa pesa zangu, promota yule akauchukua mtandaoni na kuusajili kwa nguvu ya neno lile moja. Mteja hakupokea mara ya kwanza. Nikapiga tena, nikausikiliza tena mpaka mwisho. Tangu siku ile sijapata hata senti ya wimbo ule, na mteja hadi leo hajui kwa nini nilikata simu alipopokea.

Siku hizi sheria imeboreka upande huu. Marekebisho ya hakimiliki ya 2022 yaliweka kwamba mapato ya nyimbo za miito ya simu yagawanywe na msanii au mwenye haki apate angalau asilimia 52. Soma maneno hayo pole pole: mwenye haki. Kama haki uliihamisha kwa sahihi yako, hiyo asilimia 52 inamwendea mwenye karatasi. Sheria hiyohiyo ya hakimiliki inataka uhamishaji wa haki uandikwe na utiwe sahihi, kwa hiyo maneno ya mdomo ya "si nilikulipia?" hayatoshi kukunyang'anya. Ni kalamu yako mwenyewe inayokunyang'anya.

Kijana ajue pia kwamba wimbo ni vitu viwili. Kuna utungo, yaani maneno na mahadhi, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyotoka studioni. Ndiyo maana kwa miaka mingi vyama vya kukusanya mirabaha vilikuwa vitatu: MCSK ya watunzi na wachapishaji, PRISK ya waimbaji na wapigaji, KAMP ya wenye rekodi. Tajiri aliyelipia studio ana hoja ya kutaka rekodi, ametoa pesa zake. Utungo hana hoja nao. Hakukesha nao. Na kwa kuwa hakimiliki ya utungo huishi maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, unachokisaini ukiwa na miaka 22 ni mali ya wajukuu ambao hujawaona.

Jambo jingine lililo kwenye karatasi ya mpwa wangu ni gharama. Imeandikwa kwamba gharama zote zitarudishwa kutoka kwenye sehemu ya msanii kabla hajalipwa. Tuseme bwana ametumia Sh300,000, na sehemu ya msanii ni asilimia 30. Basi nyimbo lazima ziingize Sh1,000,000 ndipo deni liishe, na wakati huo bwana amekwisha kupata Sh700,000 zake pembeni. Mpwa wangu aliiangalia hesabu ile akanyamaza. Hakuna aliyemdanganya, imeandikwa waziwazi ukurasa wa pili.

Wapo waliobebwa wakafika, nao tuwatendee haki. Harmonize alikuwa mchuuzi Dar es Salaam kabla lebo ya WCB ya Diamond Platnumz haijamchukua, na bila nyumba ile pengine tusingelijua jina lake huku Malindi. Alipotaka kuondoka 2019, alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 500 za Tanzania. Aliweza kwa sababu tayari alikuwa nyota. Kijana ambaye nyimbo zake hazikuvuma hana cha kuuza ili ajikomboe, na anakaa ndani ya mkataba kimya, haimbi kwake wala haimbi kwa mwingine.

Na asiye na mtu hulipa kwa umri. Bi Kidude, mwimbaji wa Unguja, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, ajuza tayari, na alifariki 2013. Sauti ile ilikuwepo miaka yote. Ulimwengu ndio uliochelewa kuletwa mlangoni kwake.

Kwa mabinti

Mistari michache tu, lakini naiandika kwa uzito wote. Msichana anayeambiwa kwamba kurekodi, kuchezwa redioni au kupanda jukwaani kunahitaji akutane na mtu peke yake usiku, anaombwa rushwa ya ngono, na hilo ni kosa la jinai hata likipewa jina la "kusaidiwa". Nimewajua wawili walioacha kuimba kwa sababu hiyo, mmoja alikuwa hodari kuliko mpwa wangu. Kwa binti, ulinganisho wa kujuana na kipaji una mzigo ambao sisi wanaume hatuubebi. Ninachoweza kumshauri ni aende na mtu wake kwenye kila kikao, mama, shangazi au kaka, na studio inayokataa mtu wa pili aiache hata kama ni ya bure.

Basi ashike ipi?

Inategemea ana nini mkononi.

Mwenye sauti nzuri ambaye hatungi, na hana kikundi, mkono wa tajiri unaweza kumfaa, kwa muda mfupi. Hana utungo wa kupoteza. Anapoteza muda tu, na huenda akapata jina. Nisingemzuia, ila ningetaka mkataba wa mwaka mmoja, usiojirudia wenyewe.

Mwenye kutunga, hata kama sauti yake ni ya wastani, asiguse karatasi yenye neno "zote". Huyo mali yake ni daftari. Atafute mkono wa fundi kwanza: mpiga kinanda anayejua maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, mshairi mzee wa Matondoni au Mambrui, kikundi kitakachomvumilia. Amu bado ina wazee wanaojua bahari za mashairi, na hawatozi mtu ada ya kukaa barazani kwao. Tamasha la Utamaduni la Lamu nalo huwapa vijana jukwaa mbele ya wageni na waandishi, na kundi la ngoma lililojiandaa vizuri huonwa na watu ambao tajiri wa Malindi hawajui.

Mwenye watoto wa kulisha leo, nisimhubirie subira. Achukue kazi ya hoteli, achukue hata ya kampeni, aandikishe utungo wake, na aendelee na harusi za wikendi. Harusi haikuachi kabisa, hata katika mwezi mbaya.

Na mpwa wangu? Anatunga. Ana nyimbo 14 kwenye daftari la shule lenye picha ya dau juu, na tatu kati yake nikizisikia nywele husimama. Kwa hiyo nilimwambia asikatae mkono, akatae karatasi. Tulikaa na rafiki yangu mmoja karani wa mahakama aliyestaafu, tukachukua kalamu nyekundu. Penye "nyimbo zote" tukaandika majina ya nyimbo mbili. Penye miaka mitano tukaandika miezi 18. Tukakata mstari wa utungo, tukamwachia rekodi ya nyimbo hizo mbili, na tukaongeza usiku 40 wa hotelini kama sharti, kwa sababu ndicho kitu alicho nacho bwana yule ambacho sisi hatuna.

Mpwa alimpelekea mwenyewe, amevaa shati lake la Idi. Bwana alisoma, akacheka kidogo, akauliza nani aliyemfundisha mambo haya. Akasema atafikiria. Leo ni wiki ya tatu. Mpwa huangalia simu kila baada ya dakika kumi, nami najifanya sioni.

Alhamisi tuna harusi Mambrui. Ameniomba tuujaribu wimbo wake mmoja mpya baada ya hina, ule ambao haumo kwenye zile mbili, na mwenye fidla amekubali kutoingia baharini.